Hekalu Lililoungua na Kitabu Kilichosalia: Tafakuri ya Kihistoria juu ya Filamu Kongwe za Mapigano za Kichina

Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi, filamu za mapigano za Kichina hutajwa kwa nadra, na zikitajwa, hutajwa kwa dharau. Huchukuliwa kuwa burudani ya vijana, maonyesho ya mateke na makelele yasiyo na jambo la kumshughulisha mhakiki. Mtazamo huu una kasoro mbili. Kwanza, unapuuza ukweli kwamba filamu hizi zilichipuka moja kwa moja kutokana na riwaya, visakale na opera, yaani tanzu ambazo mhakiki huyo huyo angeziheshimu lau angezikuta kitabuni. Pili, unachanganya wingi wa filamu dhaifu na utanzu wenyewe. Hakuna anayeihukumu riwaya kama utanzu kwa kuzitazama riwaya mbovu peke yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa filamu za mapigano zilizotengenezwa Shanghai na Hong Kong kati ya 1928 na 1984 zina swali kuu linalozifungamanisha: elimu hupokezwaje pindi nyumba iliyoihifadhi inapoteketezwa? Ili kulijibu swali hilo tutazifuata taswira mbili zinazojirudia katika filamu hizo, nazo ni hekalu linaloungua na kitabu kinachomfikia mrithi kikiwa kimeharibika. Tutadai kwamba maana ya taswira ya kwanza iligeuka kabisa katika kipindi cha nusu karne, na kwamba ugeuzi huo ndio uliozaa filamu bora za utanzu huu.

Moto wa mwaka 1928

Shujaa wa mapigano hakuzaliwa na kamera. Mapema katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, mwanahistoria Sima Qian aliwatengea sura katika historia yake kuu watu walioitwa youxia, watu waliotimiza ahadi zao na kuwaokoa wanyonge hata kwa kuvunja sheria. Tangu hapo mtu huyo alipita katika ngano za wasimulizi wa mitaani, akaingia katika riwaya ya Shuihu zhuan yenye wahalifu 108 wenye haki kuliko mahakimu wao, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa kipenzi cha wasomaji wa magazeti. Ulimwengu anamoishi huitwa jianghu, maana yake mito na maziwa: jamii iliyo pembeni mwa dola, yenye miiko na sheria zake yenyewe.

Mwaka 1928 kampuni ya Mingxing ya mjini Shanghai ilitoa filamu ya Huoshao Hongliansi, yaani Kuchomwa kwa Hekalu la Yungiyungi Jekundu, iliyoongozwa na Zhang Shichuan. Mkasa wake ulichotwa katika riwaya ya Xiang Kairan, aliyeandika kwa lakabu ya Pingjiang Buxiaosheng, ambayo ilianza kuchapishwa kwa mfululizo mwaka 1923. Mafanikio yake yalikuwa makubwa hata zikafuata sehemu nyingine, jumla 18, hadi 1931. Kampuni nyingine ziliiga, na mamia ya filamu za aina hiyo zikatengenezwa katika miaka hiyo michache.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika filamu hiyo hekalu ni pango la maovu. Watawa wake ni wanyang'anyi waliojificha nyuma ya majoho, na mashujaa ndio wanaolitia moto. Moto huo ni ushindi na utakaso. Kwa sadfa ya ajabu, ni katika mwaka huo huo wa 1928 ambapo jemadari Shi Yousan alilichoma hekalu halisi la Shaolin, mkoani Henan, na sehemu kubwa ya majengo na maandiko yake ikateketea. Hatudai kuwa tukio moja lilizaa jingine. Tunachosema ni kwamba wakati mtazamaji wa Shanghai alikuwa akiushangilia moto wa kubuniwa, moto wa kweli ulikuwa ukiyala maandiko, na ingechukua muda mrefu kabla ya utanzu huu kujua ni moto upi hasa unaostahili kusimuliwa.

Mwaka 1931 serikali ya Kuomintang iliipiga marufuku filamu hiyo kwa hoja kwamba ilieneza ushirikina. Miaka miwili baadaye mwandishi Mao Dun, kwa mtazamo wake wa kimaendeleo, aliishutumu pia: aliona ndani yake sanaa ya kikabaila inayowalewesha wakazi wadogo wa mjini kwa kuwapa mashujaa wanaoruka hewani badala ya mapambano ya kweli. Hata hivyo, Mao Dun alikuwa mhakiki mwaminifu. Katika makala hayo hayo aliieleza hadhira ikipaza sauti na kushangilia kama iliyomo vitani. Filamu yenyewe imepotea, na kile kinachotusaidia leo kuihisi nguvu yake ni ushahidi wa mtu aliyeichukia. Hili ni funzo la kwanza kwa mhakiki: anaweza kukosea katika hukumu na bado akaihudumia historia, alimradi amekiandika alichokiona.

Visakale vya kusini na silsila ya walimu

Sambamba na hekalu la Henan, kulikuwa na hekalu jingine la Shaolin lililoishi zaidi katika masimulizi kuliko katika ardhi. Vyama vya siri vya kusini mwa China, hasa kile cha Tiandihui, vilikuwa na kisakale cha asili yao: kwamba watawa wa Shaolin waliutumikia utawala wa Wamanchu kwa uaminifu, wakalipwa kwa usaliti na moto, na kwamba wachache waliookoka ndio waanzilishi wa chama. Kisakale hiki hakijathibitishwa na wanahistoria. Uzito wake umo katika kazi kilichoifanya, yaani kuwapa watu waliotawanyika mzizi mmoja na kisasi kimoja.

Inafaa kukumbuka kwamba riwaya maarufu ya mwishoni mwa karne ya 19 iliyowakusanya wahusika hawa, Wannian Qing, ilikuwa upande wa mfalme, na ndani yake watu wa Shaolin hushindwa. Ni waandishi wa magazeti ya Kikantoni wa miaka ya 1930 walioipindua hadithi hiyo na kuwafanya walioungua kuwa mashujaa. Hapa ndipo tunapoushuhudia mwanzo wa ugeuzi tuliousema: moto unahama kutoka mikononi mwa shujaa na kuwa jeraha lake.

Mwaka 1949, katika Hong Kong iliyokuwa ikipokea wakimbizi kwa maelfu, mwongozaji Wu Pang alianzisha filamu za Wong Fei-hung. Wong alikuwa mtu halisi, mzaliwa wa Foshan mwaka 1847, tabibu na mwalimu wa ngumi. Mwigizaji wa opera ya Kikantoni, Kwan Tak-hing, aliigiza nafasi hiyo katika filamu zaidi ya 70, na katika mwaka wa 1956 pekee zilitolewa takriban 25. Wong wa Kwan ni mzee wa makamo anayevumilia matusi, anayekanya kabla ya kupiga, na anayemtibu adui aliyemshinda. Mipango ya filamu hizi ni sahili na mapambo yake ni duni, lakini zina sifa moja ambayo filamu tajiri zaidi hazikuipata: mwalimu anayeonekana katika filamu alikuwa na wanafunzi waliokuwa hai.

Msomaji aliyelelewa katika vyuo vya pwani yetu anafahamu maana ya silsila, mnyororo unaomwezesha mwanafunzi kumtaja aliyemsomesha, na aliyemsomesha huyo, hadi asili. Wong Fei-hung alimfunza Lam Sai-wing. Lam alimfunza Lau Cham. Lau Cham aliingia katika filamu hizi na kumwigiza Lam Sai-wing, yaani mwalimu wake mwenyewe. Mwanawe, Lau Kar-leung, alianza akiwa mwigizaji wa pembeni na mpangaji wa mapigano, kisha akawa mwongozaji. Yamkini hakuna utanzu mwingine wa filamu ambamo masimulizi na mapokezi halisi yamekaribiana kiasi hiki.

Upanga uliovunjika, kitabu kilichoungua

Katika miaka ya 1960 uwanja ulitawaliwa na kampuni ya Shaw Brothers, ambayo mwaka 1961 ilifungua mji wake wa filamu huko Clearwater Bay. Filamu zake zilisemwa kwa Kimandarini, ilhali wakazi wengi wa Hong Kong walizungumza Kikantoni. Waongozaji wake wengi walikuwa wahamiaji kutoka bara waliokuwa wakiijenga upya, kwa mbao na rangi, China ambayo hawangeweza kuirudia.

Wawili kati yao wanastahili kutajwa pamoja kwa sababu walikwenda pande tofauti. King Hu, mzaliwa wa Beijing, alitoa Come Drink with Me mwaka 1966, ambamo Cheng Pei-pei anaigiza mwanamke mpiganaji anayetulia kama mcheza opera hadi ngoma inapolia. Baadaye, nchini Taiwan, alitengeneza A Touch of Zen kutokana na hadithi fupi ya Pu Songling, filamu iliyotuzwa Cannes mwaka 1975 kwa ubora wa kiufundi. Katika filamu hiyo msomi maskini anapanga mbinu za kuwatisha adui kwa mizimu bandia. Usiku wa vita mbinu zinafaulu. Asubuhi anapita akicheka kwa kujivunia werevu wake, kisha anaziona maiti, na kicheko kinamkauka. Sijaona mahali pengine katika utanzu huu ambapo dhamana ya msomi kwa damu aliyosababisha imeelezwa kwa ufupi na kwa ukali kama hapo.

Chang Cheh, kwa upande wake, alitaka ulimwengu wa wanaume, damu na kiapo. One-Armed Swordsman yake ilitoka mwaka 1967, wakati Hong Kong ilipokuwa katika machafuko dhidi ya ukoloni wa Kiingereza, nayo ilikuwa filamu ya kwanza ya huko kuingiza dola milioni moja za Hong Kong. Fang Gang ni mwana wa mtumishi aliyekufa akimwokoa bwana wake. Bwana anamlea na kumfunza, lakini wanafunzi wa kitajiri wanamdharau kwa asili yake, na binti wa mwalimu anamkata mkono wa kulia. Anaokolewa na msichana wa shambani, Xiaoman, ambaye babake aliuawa kwa ajili ya upanga na ambaye mamake alikitupa motoni kitabu cha mafunzo ya mumewe. Nusu tu ndiyo iliyookolewa. Kwa bahati, nusu hiyo inahusu mkono wa kushoto.

Ikumbukwe pia kuwa silaha ya Fang ni upanga uliovunjika wa marehemu babake. Mwili nusu, kitabu nusu, upanga nusu. Chang Cheh, kwa utatu huu, anatoa kanuni ambayo utanzu mzima ungeishi kwayo: urithi haufiki ukiwa mzima, na anayengoja ufike mzima hatarithi kitu. Silaha kamili na mafunzo kamili walibaki nayo wanafunzi wa kitajiri, na wao ndio wanaouawa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa adui amekwisha kuisoma mbinu ya shule yao.

Shaolin yaungua tena

Kati ya 1974 na 1976 Chang Cheh alitengeneza mfululizo wa filamu kuhusu kuangamizwa kwa Shaolin ya kusini, zikiwemo Heroes Two, Five Shaolin Masters na Shaolin Temple. Heroes Two inaanza wakati hekalu tayari limo motoni. Tulinganishe na 1928: mashujaa waliolichoma hekalu sasa wanalikimbia likiungua. Hadhira ya wakimbizi na watoto wa wakimbizi haikuhitaji kuelezwa maana ya kuiacha nyumba ikiteketea nyuma yako.

Lau Kar-leung aliuliza swali lililofuata: baada ya kuokoka, je? Katika Executioners from Shaolin (1977), Hung Hei-kwun anatoroka akiwa na mtindo wa chui mkuu, anamwoa Fang Yung-chun, bingwa wa mtindo wa korongo, na kwa miaka mingi anajiandaa kumkabili Pai Mei, mzee asiyedhurika kwa mapigo ya kawaida. Mkewe yuko tayari kumfunza, yeye hataki kujifunza kwa mke. Anakwenda na nusu ya elimu iliyokuwamo nyumbani mwake, anauawa. Mwanawe, aliyelelewa katika mtindo wa mamake, anakirithi kitabu cha babake kikiwa kimeharibika. Mapengo ya kitabu anayajaza kwa alichokipokea kwa mama, na mchanganyiko huo ndio unaomwangusha Pai Mei.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kumkumbuka Fumo Liyongo, ambaye pia hakudhurika isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Katika utendi huo, mwana anaipata siri ya mwili wa baba na kuiuza kwa maadui. Katika filamu ya Lau, siri ya mwili wa adui ndiyo inayotafutwa, na mwana analipa deni la baba. Hatuna sababu ya kudhani kuwa simulizi moja liliathiri jingine. Lakini ulinganisho unaonyesha kwamba kwa wote wawili hatari kubwa ya shujaa haitoki nje: iko katika uhusiano wake na wale wa nyumbani, ama kwa kuwaamini mno, kama Liyongo, ama kwa kukataa kujifunza kwao, kama Hung.

Mwaka uliofuata Lau alitoa The 36th Chamber of Shaolin, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kilele cha utanzu. Mwanafunzi kijana wa Guangdong anawapoteza walimu na wenzake kwa mkono wa dola, anakimbilia Shaolin, na huko anapitia vyumba 35 vya mafunzo. Sehemu kubwa ya filamu ni mafunzo hayo: kubeba maji, kuvuka juu ya magogo yanayoelea ili kupata chakula, kuongoza macho, kichwa, kifundo cha mkono. Mwongozaji anathubutu kuifanya kazi ya kujifunza kuwa mkasa wenyewe. Chumba cha juu kabisa ni cha maandiko, na kijana mwenye haraka akiingia humo kabla ya wakati wake, hutupwa nje.

Akiisha kuhitimu, San Te anaulizwa ni chumba kipi angependa kukisimamia. Anaomba kisichokuwapo, yaani cha 36, cha kuwafunza watu wa kawaida nje ya kuta. Ombi hilo ni uasi, na kwa sura ya nje anaadhibiwa kwa kufukuzwa, ingawa adhabu yenyewe ndiyo inayomfungulia mlango. Hapa swali letu linapata jibu lake. Hekalu ambalo elimu yake imebaki ndani linaweza kuchomwa usiku mmoja. Elimu iliyokwisha kutoka nje haina paa la kutiwa kiberiti.

Pingamizi

Hatuna budi kuzikabili hoja za wapinzani. Bruce Lee, kwa mfano, alikuwa maarufu kuliko wote tuliowataja, na Fist of Fury (1972) inaanza kwa mwalimu aliyekwisha kufa na kuishia kwa mwanafunzi akirukia risasi, picha ikiganda hewani. Hakuna kitabu, hakuna mrithi. Hasira ya filamu hiyo dhidi ya ubeberu ni ya haki, na watazamaji wa nchi zilizotawaliwa waliielewa bila mkalimani. Hata hivyo, elimu yote imefungwa katika mwili mmoja, na mwili huo unaangamia. Kifo cha Lee mwenyewe, tarehe 20 Julai 1973, kiliwaacha waigaji wengi na wanafunzi wachache.

Pingamizi la Mao Dun pia halijafutika. Ni kweli kwamba shujaa wa filamu hizi mara nyingi huchukua nafasi ya umma, na kwamba uovu wa dola hufinywa ukawa uovu wa Wamanchu au wa mzee mmoja mwenye nyusi nyeupe. Ni kweli pia kwamba mashujaa hawa wa Kikantoni walisemeshwa Kimandarini, na kufikia 1972 filamu za Kikantoni zilikuwa karibu kutoweka kabisa, hadi The House of 72 Tenants ilipozifufua mwaka 1973. Utanzu uliohubiri kupokeza urithi ulikuwa ukiinyima hadhira yake urithi wa ulimi. Mhakiki hapaswi kuupita ukinzani huu kimya kimya, kwani ni ukinzani unaotuhusu sisi pia tunaozihakiki fasihi za watu wetu kwa lugha za wengine.

Hitimisho

Mwaka 1984 Lau Kar-leung alitoa Eight Diagram Pole Fighter, na katikati ya mwongo huo Shaw Brothers ikaacha kutengeneza filamu kwa wingi wa zamani. Mwigizaji Fu Sheng alikufa katika ajali ya gari mwaka 1983 kabla upigaji wa filamu hiyo haujakamilika, na mhusika wake anatoweka katikati ya masimulizi. Filamu nayo ikawa kitabu chenye kurasa zilizokosekana. Shujaa aliyesalia, ambaye ndugu zake waliuawa kwa usaliti, anaingia hekaluni kwa nguvu, anajinyoa mwenyewe, anajifunza, anamwokoa dadake, kisha anaondoka bila kurudi nyumbani wala hekaluni.

Hakika filamu hizi hazikuishia huko. Zilionyeshwa katika sinema za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kisha zikahamia katika vibanda vya video, ambako wasimulizi kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walizifunika sauti zao, wakawapa wahusika majina, misemo na mizaha ya Kiswahili. Mara nyingi msimulizi hakuijua lugha iliyokuwa ikisemwa mbele yake. Alipokea nusu ya kitabu, akaijaza nusu iliyoungua kwa kile alichokipata kwa wakwao. Mtafiti wa fasihi simulizi anayepita mbele ya kibanda cha namna hiyo bila kusimama huenda anakipita chumba cha 36, huku akiharakisha kwenda kufundisha ndani ya vile 35.